Siku moja na Honda ya kiki, Isyonje

Saa 10:30 alfajiri. Mwezi wa saba huku kwetu Isyonje, barabara ya Tukuyu, tangi la pikipiki linalala na umande unaouma vidole. Mimi nabeba maziwa kwenda Uyole kwa Honda CG125, ile aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Haina stata ya kubonyeza. Ni kiki tu, na kwa baridi hii petroli haigeuki mvuke kirahisi, oili nayo imekuwa nzito.

Naweka gia frii, nafungua koki ya mafuta, navuta choki, ile inayopunguza hewa ili mafuta yazidi injini ikiwa baridi. Swichi bado sijawasha. Napiga kiki tatu za taratibu ili kabureta ivute mafuta, ndipo nawasha swichi. Wengi wanakosea hapa: wanarukia kiki popote ilipo. Mimi naishusha kwa unyayo polepole mpaka igome, maana pistoni inapanda na kubana hewa. Naisogeza kidogo tu, ule ugumu upite, naiachia irudi juu kabisa, halafu naishusha mara moja hadi mwisho kwa uzito wa mwili. Goti nalikunja kidogo, maana kiki ikirudisha teke, goti lililonyooka ndilo linaloumia. Resi sivuti.

Ya kwanza kimya. Ya pili, imeitika! Sauti hiyo gizani naipenda mno.

Choki siiachi muda mrefu. Huku juu hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi hewa upesi, na plagi, ile inayotoa cheche, inalowa.

Saa 11:30. Kwa mama wa kwanza. "Ndaga, mwanangu, leo umewahi." Tunapima, tunamimina kwenye dumu, naondoka. Nyumba ya pili injini ina moto bado. Kiki moja bila choki.

Saa 2 asubuhi. Uyole. Maziwa yamepokelewa, nakunywa chai.

Saa 4. Kijiweni namkuta kijana ana pikipiki ya zamani kama yangu, ameipiga kiki hadi jasho linamtoka na baridi yote hii. Harufu ya petroli naisikia kabla sijafika.

"Shikamoo mzee, imegoma kabisa."

"Marahaba. Haijagoma, umeinywesha petroli kupita kiasi. Funga koki, rudisha choki, vuta resi yote uishikilie, kisha piga kiki kama kumi hivi."

Kimya. Tukafungua plagi: nyeusi, inang'aa kwa petroli. Nikaifuta kwa kitambaa, nikaipuliza, nikasugua ncha kwa brashi ya waya na kutazama nafasi ambayo cheche inaruka. Kwa CG inatakiwa milimita 0.6 hadi 0.7. Tukairudisha, koki wazi, nikamwekea mguu wake juu ya kiki nikamwambia asikilize mahali inapogoma. Akasema, "Hapa." Uso wake ulibadilika. Aliipiga moja tu. Muundi wake una alama ya kiki iliyomrudia wiki hii, nikasikitika kwamba hakuna aliyemwonyesha mapema.

Saa 12 jioni. Nimepanda mlima nyumbani. Naiegesha kwenye mteremko, taa ikiangalia barabarani, ili kesho kiki ikikataa niiachie ishuke, gia ya pili, niachie klachi. Nafunga koki, naifunika gunia.