Macho ya mbao za paini hayafunikwi kwa rangi

Sitaki tena kusikia fundi rangi akimwambia mtu, "Ongeza koti moja tu, itafunika." Haifuniki! Ukuta wa mbao za paini ukipakwa rangi nyeupe ya maji bila kuandaliwa, kila jicho la mbao litarudi juu kama doa la njano, hata upake koti sita. Chumba cha dada yangu, huku Isevya, Tabora, kilifanyiwa hivyo na fundi aliyelipwa vizuri tu. Mbao za sebuleni zilikuwa bado hazijaguswa, nikasema hizi nitaziandaa mwenyewe.

Sisi huku tumezoea mninga na mkurungu. Paini, hizi zinazotoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, ina utomvu mwingi, na umejikusanya kwenye macho, yaani pale matawi yalipoota. Joto la Oktoba likija, utomvu unalainika na kupanda. Jirani alinishauri nipake mafuta ya taa kwenye macho. Mzee wangu, mafuta ya taa yanaacha unyevu wa mafuta ambao rangi haiushiki!

Kinachozuia utomvu ni shelaki, ile ile ya mafundi fanicha. Inatokana na mdudu wa India na Thailand, na huyeyuka kwenye spiriti. Ila kabla ya shelaki nilifanya jambo ambalo najivunia sana. Niliazima draya ya nywele saluni kwa shemeji, nikaielekeza kwenye macho yanayonata, moja baada ya jingine. Ukisubiri kwa utulivu unaona jicho linaanza kung'aa, kisha vitone vya utomvu vinachungulia kwenye nyufa. Hapo unavikwangua kwa kisu butu, unapasha tena, unakwangua tena, mpaka pabaki pakavu. Yapo macho yaliyotoa utomvu kiasi cha kujaza kizibo cha soda. Fikiria wote huo ungebaki chini ya rangi! Baada ya mbao kupoa kabisa, na draya ikiwa imeshazimwa na kuwekwa mbali, nilifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Fungua madirisha, na jiko la mkaa lisiwe karibu, maana spiriti inadaka moto upesi.

Shelaki niliichanganya robo kilo kwa lita ya spiriti, ikalala usiku kucha ndani ya chupa ya kioo. Usitumie kopo la bati, inageuka nyeusi. Koti mbili nyembamba juu ya kila jicho, ukivuka ukingo wake kidogo. Gharama yote haikufika bei ya ndoo ndogo ya rangi nzuri.

Halafu praima ya mafuta, yaani rangi ya kutangulia, ukuta mzima. Puti ya matundu ya misumari inakuja baada ya praima, kwa sababu mbao tupu inainyonya na kuikausha ikadondoka.

Kazi hii ifanye kiangazi. Mbao zikiwa zimesinyaa, mifereji ya maungio iko wazi, brashi inaingia hadi kwenye ulimi, ule ukingo mwembamba wa ubao unaochomekwa kwenye ubao wa pili. Ukipaka masika, mbao zikiwa zimevimba, kiangazi kikifika utaona mistari ya mbao tupu ukuta mzima. Na mifereji hiyo usiizibe kwa silikoni ya bafuni anayokuuzia mwenye duka, rangi haishiki juu yake.