Farasi 160 waliolala

Leo ni Alhamisi, na fundi wa ndege yangu bado ananisemesha kichwani tangu Jumamosi. "Kaka, unatafuta injini itoe nguvu za farasi 180, na hawa 160 ulio nao wamekushinda kuwaamsha?"

Afadhali angenivuta pembeni. Aliyasema mbele ya shemeji, yuleyule mnayemjua, asiyesahau neno.

Tulikuwa tumetua, tukapumzika kama nusu saa, tukarudi kwenye ndege. Nikawasha kama ninavyowasha asubuhi: pampu ya umeme, mafuta, ufunguo. Propela ikazunguka, injini kimya. Nikaongeza mafuta. Stata ikaanza kuchoka, na harufu ya petroli ikatufikia ndani.

Kinachouma ni kwamba sababu naijua. Ukizima injini ya injeksheni, ile inayonyunyiziwa petroli kila silinda, ikiwa ya moto, petroli iliyobaki kwenye vijibomba vyembamba juu ya silinda huchemka na kuwa mvuke. Si kiu ya mafuta hiyo, na mimi nikazidi kuinywesha mpaka ikazama. Fundi alikuja akifuta mikono, akavuta nyuma hadi mwisho mkono wa mchanganyiko, ule unaopima petroli kwa hewa, akafungua mkono wa gesi, wa kuongeza mwendo wa injini, kama nusu, akageuza ufunguo. Ikazunguka kidogo, ikakohoa. Papo hapo akasukuma mchanganyiko mbele na kurudisha gesi. Ikanguruma. Ndipo akatoa neno lake.

Tangu hapo nimemjibu nikioga, nimemjibu nikiendesha gari. Jibu zuri kuliko yote lilinijia Jumatatu, katikati ya kikao walichotangaza kwamba idara yetu inavunjwa. Na lile "kaka" je? Siku zote huniita rubani.

Jana usiku nikayatoa makaratasi ya ule uboreshaji ninaouwekea akiba, niyasome kwa hasira. Ndege yangu ni Cessna 172R, injini IO-360. Kiwandani waliipangia mwisho mizunguko 2,400 kwa dakika, ndipo inatoa 160. Ukifunga propela nyingine, ukabadilisha alama za saa ya mizunguko na karatasi zake, inaruhusiwa kufika 2,700, nayo inatoa 180. Injini ni ileile! Nilishayasoma haya mara kumi, ila safari hii nilicheka peke yangu mezani. Farasi 20 ninaowawekea akiba wamo zizini siku zote, wamefungiwa tu mlango, na mimi hata hao walio nje nawamwagia petroli usoni.

Kazi ya propela nitampa huyohuyo. Ila siku akimaliza, tutaruka wote, tutue, tusubiri nusu saa kamili, kisha niwashe mimi. Yeye akae nyuma na shemeji.

Mke wangu Naima hajabishana nami tangu Jumanne. Naambiwa nioshe vyombo, naosha. Namwuliza kulikoni, ananiambia "hamna kitu, baba," kwa upole. Upole huo ndio sijaulewa.