Mfuniko wa rejeta

Ndugu zangu wenye gari za familia hapa Mbeya, hili limeniumiza. Gari yetu ya viti nane ilikuwa inachemsha kila tukitoka Chimala na kuanza kupanda Inyala. Nikairudisha gereji ya wale walioniuzia. Wakabadilisha pampu ya maji. Ikachemsha. Wakabadilisha rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Ikachemsha tena, watoto wakiwa ndani, malori yanatupita. Safari ya mwisho wakang'oa na themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, eti nchi yetu haihitaji, kisha wakataka wafungue injini kubadilisha gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake.

Nilikataa. Fundi mmoja wa Mwanjelwa alianza na mfuniko wa rejeta: mpira umekufa, haushiki presha. Mfuniko wa zamani ulikuwa umerudishwa juu ya rejeta mpya! Kwetu huku, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Presha ndiyo inayoyazuia yasichemke mapema, na mfuniko ndio unaoishikilia.

Na themostati inahitajika sana. Baridi hii ya Juni na Julai, injini isiyo nayo inachelewa kupata joto na inakula mafuta. Nimeagiza nyingine, na kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, badala ya maji ya bomba.

Rejeta ya kwanza ninayo. Imepimwa, haivuji popote. Jumatatu naipeleka kwao nikadai hela yangu.