Ushuhuda wa Aliye Bado Kwenye Dripu

Andiko: Isaya 38:9–21

Hezekia aliandika ugonjwa wake baada ya kupona, lakini kilio hakukifuta. Mifupa inavunjwa kama na simba, macho yamechoka kutazama juu. Aya ya 21 haioni aibu kutaja hata dawa: mkate wa tini juu ya jipu.

Shuhuda zetu huanzia mwisho: nimepona, makofi, pambio. Aliye katikati ya kemo, tiba ya saratani kwa dawa za dripu, hapewi kipaza sauti. John Diamond, mwanahabari wa gazeti la The Times la London, aligundulika na saratani ya koo mwaka 1997 na akaiandika katika safu yake hadi alipofariki 2001. Hakusubiri apone.

Mgonjwa wetu angepewa nafasi, angetufundisha mengi. Angesema siku ya dripu si lazima iwe mbaya kuliko zote. Kwa dawa nyingi za kemo, chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maambukizi, hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Hapo homa ya nyuzi 38 ni dharura, hata kama asubuhi alikuwa anacheka. Asimeze panadol kwanza, kwani hushusha joto huku maambukizi yakiendelea. Apime, aende hospitali saa hiyohiyo. Aliyeko kisiwani Ukerewe asingoje meli ya asubuhi ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Aanzie hospitali ya Nansio, palepale kisiwani, usiku huohuo, na karatasi yenye jina la dawa na tarehe aliyopewa.

Mdomo ukitoka vidonda, sato wa pilipili na ndimu asubiri. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa: asukutue na kutema, mara nne au zaidi kwa siku.

Na sisi waombaji? Mwenye mafua abaki nyumbani, hata akiwa mwenyekiti wa jumuiya. Tunawe kabla ya kuwekea mikono. Tusimlazimishe kufunga kula, mwili unaopigwa kemo unahitaji uji, mayai, samaki aliyeiva sawasawa. Mafuta ya upako (Yakobo 5:14) yasipakwe kwenye ngozi inayopigwa mionzi ya tiba bila kuwauliza wahudumu, na alama za wino zilizochorwa pale kuongoza mionzi zisisuguliwe.

Jumapili hii, asiyeweza kusimama aandike, mwingine amsomee. Msomaji asiongeze “amepona” kama mgonjwa hakuandika hivyo.