Ijumaa ya Hasheem

Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 26 Juni 2009, meseji mbili ziliingia kwenye simu ya kaka yangu, na zote mbili nilizipuuza. Zilitoka kwa binamu yetu aliyekuwa anasoma Dar es Salaam, bingwa wa uzushi tangu utotoni. Ya kwanza: Michael Jackson kafariki. Ya pili: Hasheem kachukuliwa namba mbili, anaenda Memphis.

Kaka akawasha redio. Ya Michael ikathibitika kabla mtangazaji hajasema neno, maana nyimbo zake zilikuwa zinapigwa mfululizo. Tukasubiri habari za michezo. Wapi! Mtoto wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, kaitwa ukumbini New York, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, halafu redio nzima iko msibani.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kukereka. Shuleni nilikuwa mrefu kuliko wote, basi mwalimu wa michezo akanipanga chini ya ringi na kuniambia kazi yangu ni kuinua mikono tu. Kiwanja chenyewe udongo mtupu, ringi kaichomelea fundi wa mtaani kwa nondo. Tukishinda, wenzangu waliniita Hasheem. Tukifungwa walininyang'anya jina.

Kwa hiyo tulimfuatilia, kwa vipande vya magazeti na kurasa zilizofunguka kwa kujivuta kwenye Nokia ya kaka. Tulijua amesoma Makongo, na kwamba mpira wa kikapu alianza kuushika akiwa na miaka 15, umri ambao wenzake wa Marekani wameshaucheza nusu ya maisha yao. Akaenda Houston kumalizia sekondari, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kocha Jim Calhoun. Aprili ile ile walikuwa wamefika nusu fainali ya vyuo, wakatolewa na Michigan State. Watu wengi walikuwa wanataja urefu wake tu, futi 7 na inchi 3. Mimi ile miaka 15 ndiyo iliyokuwa inanikosesha usingizi, kwa sababu nilikuwa nimeshaipita na bado naambiwa niinue mikono.

Kulipopambazuka nikaenda kijiweni kwa muuza kahawa, nikawaamkia wazee, nikaipenyeza habari yangu katikati ya Michael.

"Kaenda timu gani?" akauliza mmoja.

"Memphis Grizzlies, mzee."

Mwalimu mstaafu akashusha kikombe. "Memphis ndipo walipomuua Martin Luther King, mwaka 1968."

Basi wakamjadili King, kutoka kwa King wakarudi kwa Michael, nikaona Hasheem naye anazikwa pamoja nao. Muuza kahawa ndiye aliyemfufua. Alikuwa Mzaramo, mtani wa kijiwe kizima, na hakuiachia nafasi ile. "Sisi pwani mtu akiwa mrefu tunampeleka Marekani," akasema. "Ninyi Wanyamwezi warefu wenu mliwatwisha pembe za ndovu!"

Walipomaliza kutukanana kwa raha zao, nikaombwa nieleze hiyo namba mbili maana yake nini. Nikaeleza kwamba timu zinachagua vijana kwa zamu, na zilizofanya vibaya ndizo zinazopewa nafasi ya kupata zamu za mwanzo.

"Kwa hiyo hao Memphis ni wabovu?"

"Walicheza mechi 82, wakashinda 24."

"Sasa kijana si atashuka nao daraja?"

Nikasema NBA hakuna kushuka daraja. Hapo nikawapoteza wote. Ligi isiyoshusha timu, mwalimu akataka kujua, huyo wa mkiani anacheza akimwogopa nani? Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona swali lake lilikuwa zuri.

Yaliyofuata wengi wanayajua, na huwa wanayasimulia wakicheka. Februari 2010 Memphis walimshusha kwa muda kwenda Dakota Wizards, ligi ya chini. Baadaye Houston, Portland, Oklahoma City, na miaka ya mbele Japani na Taiwan. Anayetaka kumkejeli hukumbusha kwamba James Harden alichaguliwa namba 3 na Stephen Curry namba 7, wote nyuma yake, na wote wakaja kuwa nyota wakubwa. Ni kweli. Lakini mchezo wenyewe uligeuka mikononi mwa hao hao, ukawa wa kurusha kutoka mbali, na watu wa kusimama chini ya ringi wakapungukiwa kazi. Na mtu aliyeanza akiwa na miaka 15 akadumu NBA mpaka 2014, mimi niliyeanza mapema kidogo kuliko yeye na kuishia kwenye kiwanja cha udongo simcheki.

Ila asubuhi ile hakuna aliyeyajua hayo. Jua lilipoanza kuchoma, muuza kahawa akauliza swali lililokuwa limemkaa rohoni.

"Kama yeye namba mbili, namba moja nani?"

"Blake Griffin. Kachukuliwa na Clippers."

"Anamzidi urefu?"

"Hapana. Hasheem anamzidi inchi kadhaa."

"Basi wamemwonea," akasema, na safari hii hata watani zake hawakumbishia. Mwalimu akanilipia kahawa na kashata mbili.