Mkanda mmoja haukutosha: nilivyofunga jenereta kwenye trekta la bustani

Trekta langu la bustani lina injini ya nguvu farasi 18, na kwa sehemu kubwa ya mwaka linakaa bandani tu. Kila umeme ulipokatika nilikuwa nalitazama na kujiuliza: ya nini ninunue injini nyingine ya kutunza, na hii ipo? Hesabu ya nguvu ilikuwa nyepesi. Mafundi wengi hukadiria nguvu farasi 2 kwa kila kilowati 1, kwa hiyo kichwa cha jenereta (jenereta isiyo na injini yake) cha kilowati 5 kingekula kama 10, na akiba ingebaki. Nikajua nimemaliza. Kumbe nguvu ndiyo ilikuwa rahisi. Kilichonitoa jasho ni mkanda.

Nilichukua kichwa chenye ncha nne za sumaku na beringi mbili, moja kila upande. Hapo kwenye beringi mbili msipapite haraka. Vichwa vingi vya jenereta ndogo vina beringi moja, kwa sababu upande wa pili hubebwa na shafti ya injini yenyewe. Kichwa cha namna hiyo ukikivuta kwa mkanda, rota, yaani sehemu inayozunguka ndani, haina cha kuishikilia, na haitachukua muda kuanza kusugua koili. Injini yangu nayo ina shafti iliyolala, na mbele kuna puli yenye klachi ya umeme ya kuendeshea vifaa. Mwenye injini ya shafti iliyosimama itambidi aupindishe mkanda kupitia puli za kati, mimi nisingejaribu.

Kwa ncha nne, hezi 50 (mapigo ya umeme kwa sekunde) zinapatikana kichwa kikizunguka mara 1,500 kwa dakika (kwa hezi 60 ni mara 1,800). Puli ya injini ilikuwa na kipenyo cha milimita 125, nikaweka ya 250 kwenye jenereta, ili injini ikizunguka mara 3,000 kichwa kizunguke nusu yake. Raha ya hesabu hii ni kwamba hezi 1 kwenye multimita ni mizunguko 60 ya injini. Sikuhitaji kipimo kingine cha mwendo.

Fremu niliichomelea kwa vyuma vya pembe, ikaning'inia mbele ya trekta kwa pini nne. Bamba la kukalia jenereta nililitoboa matundu marefu, na bolti mbili za kulivuta ili kukaza mkanda.

Siku ya kwanza kuwasha, volti zilikuwa 4. Kichwa kilikuwa kimekaa stoo muda mrefu na sumaku ndogo inayobaki kwenye chuma ilikuwa imekufa. Nilizima, nikachomoa nyaya za uga, yaani za koili inayotengeneza sumaku ya jenereta, nikazigusisha betri ya volti 12 kwa sekunde chache, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, nikazirudisha. Kuwasha tena, volti zikapanda zenyewe.

Taa zikawaka, friji ikaunguruma, nikaanza kujisifu. Ndipo nikawasha pampu ya maji. Mota ya pampu inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia. Mkanda ulipiga yowe, taa zikafifia, harufu ya mpira kuungua ikajaa bandani. Nikaukaza. Ukateleza tena, nikaukaza zaidi. Mara ya tatu haukuteleza, lakini baada ya nusu saa beringi ya mbele ilikuwa haishikiki kwa moto.

Niliudhika na nafsi yangu, maana dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Mkanda ule ulikuwa wa kukatia nyasi, upana wa milimita 13, na nilikuwa naudai kazi isiyo yake. Halafu pembeni ya puli kulikuwa na unga mweusi ambao niliufuta bila kujiuliza umetoka wapi. Nilipovuta uzi kutoka uso wa puli moja hadi ya pili, nikakuta zimepishana milimita 6.

Fundi wa lezi alinichongea puli mpya za mifereji miwili, kwa mikanda ya milimita 17, vipenyo vilevile. Mikanda miwili niliinunua pamoja, ya aina moja na urefu mmoja. Ukichanganya mpya na mkuukuu, mmoja unabeba mzigo na mwenzake anasindikiza. Siku hizi nakaza mpaka nikibonyeza katikati mkanda udidimie kama milimita 16 kwa kila mita ya nafasi kati ya puli. Kwangu nafasi hiyo ni nusu mita, basi ni milimita 8. Beringi inabaki vuguvugu.

Mwendo niliufunga kwa bolti ndogo inayozuia mkono wa mafuta. Bila mzigo nasoma hezi 51.5, pampu ikifanya kazi 49.5. Gavana, kifaa cha injini kinachodhibiti mwendo, haiwezi kushikilia namba moja, kwa hiyo ni heri kuanzia juu kidogo.

Kuna mambo mawili sikuyatarajia. Ngao ya kwanza ya mkanda niliitengeneza kwa bati zima, ikaziba hewa ya feni na injini ikachemka. Sasa ni wavu wa chuma. La pili lilinichekesha: kila niliposhuka kitini, injini ilizima, kwa sababu trekta lina swichi ya kiti inayokata moto klachi ikiwa imeunganishwa. Nilitengeneza plagi ya kuiruka swichi hiyo na kuifunga kwa mnyororo kwenye fremu ya jenereta, isiweze kubaki kwenye trekta siku ya kukata nyasi. Mahali pa kiti nikaweka kitufe chekundu cha kuzimia.

Nyumbani umeme unaingia kupitia swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi umeme, kwa hiyo haurudi kwenye nyaya za nje na kumuua anayezitengeneza. Trekta lenyewe nalitoa bandani kabisa kabla ya kuliwasha, mbali na madirisha, maana moshi wake hauna mzaha. Kufunga kila kitu kunanichukua dakika 20. Kinachonishinda bado ni kelele.