Kuhama Windows 10 kwenye kompyuta ya familia: nani mwenye kauli?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nyumbani kwetu kumekuwa na mjadala mrefu, kwa sababu kompyuta tunayoijadili si ya mtu mmoja. Ni Dell OptiPlex ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha sita na RAM ya GB 8. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hisabati, hutungia mitihani humo. Mama huweka humo hesabu za kikoba. Kijana wetu wa kidato cha tatu husomea humo. Mashine yenyewe ni nzima, lakini Windows 11 haiipokei, kwani inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache mno. Zipo mbinu za kuilazimisha, ila mashine iliyolazimishwa haina uhakika wa kupata masasisho, na masasisho ndiyo hasa tunayoyatafuta.

Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika siku ile. Kilichokoma ni kuzibwa kwa mianya ya usalama inayoendelea kugunduliwa, na kwetu jambo hilo lina uzito, kwa sababu faili la mama lina majina, namba za simu na hisa za wanakikoba ambao hawamo katika mjadala huu. Isitoshe, flashi ya mke wangu huenda stationery kuchapisha mitihani na mara nyingine hurudi na virusi, folda zote zikiwa zimegeuzwa njia za mkato. Virusi vya namna hiyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, havipati pa kufanyia kazi.

Kwa hiyo nilipendekeza Linux Mint 22, mojawapo ya aina za Linux, toleo lililotoka mwaka 2024 na litakalohudumiwa hadi 2029. Kuipakua kunakula karibu GB 3 za bando, lakini baada ya hapo huwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski, na mtu akaitumia kabla hajaamua lolote. Nilimwomba kila mmoja afungue kazi yake mwenyewe, kwa kuwa majaribio yangu mimi yasingewafaa. Mimi huandika matini tupu, ambayo hufunguka popote.

Kijana hakuwa na shida, maana karatasi za mitihani iliyopita ni PDF. Daftari la kikoba lilifunguka katika LibreOffice Calc (programu ya majedwali ya LibreOffice, mkusanyiko wa bure wa programu za ofisi) likiwa na jumla zake zote sahihi, kwa kuwa mama hutumia kanuni za kujumlisha na kugawanya tu, wala hana makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili. Mtihani wa hisabati ndio uliotusimamisha. LibreOffice huweka fonti ya Carlito pale isipoikuta Calibri, na herufi zake zina upana uleule, hivyo aya zilikaa mahali pake. Lakini namba za vipengele katika sehemu B zilisogea kulia, mistari ya nukta ya kujazia majibu ikavuka ukingo wa karatasi, na milinganyo miwili ikapanda juu ya maneno. Yanarekebishika, ila mtihani ule hupita kwa walimu wenzake wanaotumia Word, na kila unaporudi ungelazimika kunyooshwa upya. Mke wangu alisema hawezi kufanya kazi hiyo usiku wa kuamkia siku ya kuchapisha, nami naona ana haki kabisa. Katika kompyuta ya pamoja, kauli nzito ni ya mwenye kazi inayoweza kuharibika, hata kama anayefahamu mifumo endeshi ni mwingine.

Kuweka mifumo yote miwili kwenye diski moja sikukupenda, kwani Windows isiyo na huduma ingebaki kuingia intaneti kila mtu anapoichagua kwa mazoea.

(Kiswahili hakikuwa kikwazo kwa yeyote, ingawa ningependa mama aone menyu zote kwa lugha yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, na natamani juhudi ile ingepata waendelezaji wengi zaidi.)

Tulichokubaliana ni hiki. Kwa sasa tumejiandikisha katika mpango wa Microsoft wa kuongeza masasisho ya usalama, ambao kwa watumiaji wa nyumbani ulitangazwa kufika 13 Oktoba 2026 na hauna malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake katika akaunti ya Microsoft. Likizo ya Juni, mitihani ya muhula ikishapita, nitafunga SSD mpya (diski ya kasi) na kuiwekea Mint, kila mtu akiwa na akaunti na nywila yake. Diski ya sasa itatolewa ikiwa kama ilivyo na kuwekwa kabatini, ili kurudi nyuma kuwe ni suala la bisibisi tu. Mitihani itaandikwa kwa Word ya kwenye kivinjari, na mke wangu ndiye atakayetamka, mwisho wa muhula unaofuata, kama tunabaki huko au tunarudi.